Nani Aliyebeba Kamera? Picha za Vita katika Njia Kuu ya Misafara

Mtu atokaye mjini Tabora akashika njia ya Kwihara, baada ya kilomita chache tu huifikia nyumba ya tembe yenye kuta nene za udongo, dari bapa, ua wa ndani na milango mizito iliyonakshiwa. Nyumba hiyo imejengwa upya juu ya msingi wa ile ya kale, nayo ni makumbusho. Humo ndimo Livingstone na Stanley walimofikia tarehe 18 Februari 1872 wakitoka Ujiji. Humo Stanley alimuaga mwenziwe mwezi Machi, na humo mzee yule alikaa akingoja wapagazi hadi tarehe 25 Agosti, alipoondoka kwa safari yake ya mwisho. Ukutani zimetundikwa ramani, nakala za barua na sura za wasafiri wa Kizungu waliopita Unyanyembe katika karne ya 19.

Mwalimu anayewapeleka wanafunzi wake Kwihara huulizwa maswali mengi, na mengi hupata jibu papo hapo ukutani. Lakini liko swali moja ambalo kuta hazilijibu upesi. Watu hawa waliochorwa na kupigwa picha walikuwa wachache. Mizigo yao ilikuwa mamia. Je, waliobeba mizigo hiyo wako wapi? Insha hii inataka kulifuata swali hilo kwa njia ya picha za vita, kwa sababu katika vita ndiko swali linapokuwa chungu zaidi, na kwa sababu nchi ya Unyamwezi imepigwa vita vingi ambavyo tunavifahamu kwa macho ya wageni.

Tuanze na vita vya Mirambo. Mwaka 1871 mtemi huyo wa Urambo alikuwa ameifunga njia ya Ujiji, na Waarabu wa Tabora wakaamua kumwendea kwa silaha. Stanley, aliyekuwa mwandishi wa gazeti la New York Herald, alikuwa akikaa Kwihara wakati huo, akaingia vitani upande wao. Shambulio lao lilianza kwa ushindi na likaishia katika maangamizi. Kabla ya mwezi wa Agosti kwisha Mirambo aliingia Tabora yenyewe, akaichoma sehemu ya mji, na mmoja wa wakuu wa Waarabu, Khamis bin Abdallah, akauawa. Stanley aliyaandika hayo yote, na kitabu chake kilipotoka mwaka 1872 kilikuwa na picha. Ila picha zile zilikuwa michoro iliyochongwa huko Uingereza ili ipigwe chapa. Msomaji wa London aliona moshi, bunduki na Waafrika wanaokimbia, akadhani ameiona Unyamwezi. Hali kadhalika Isike, mtemi wa Unyanyembe, aliyepigana na Wajerumani hadi Januari 1893 na kuiwasha baruti ndani ya ngome yake ili asikamatwe hai, tunamjua kwa masimulizi ya wazee na kwa taarifa za adui yake. Kamera haikuwapo saa ile.

Kamera ilikuja na reli, au tuseme ilikuja karibu pamoja nayo. Reli ya kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, ikifuata takriban njia ile ile ya misafara iliyotoka Bagamoyo kupitia Mpwapwa na Ugogo. Miongoni mwa wapiga picha waliofanya kazi Dar es Salaam katika miaka ya mwisho ya utawala wa Wajerumani alikuwako mtu aitwaye Walther Dobbertin, aliyezaliwa mwaka 1882 na kufariki mwaka 1961. Alipiga picha za miji, mashamba, masoko, maboma na watu. Na vita vilipozuka mwaka 1914 alikuwa upande wa jeshi la Kijerumani, akaendelea kupiga picha za askari na maofisa wao. Picha zake hivi sasa zimehifadhiwa katika Hifadhi ya Nyaraka ya Shirikisho la Ujerumani, na tangu Desemba 2008 nyingi kati yake zimewekwa wazi kwa umma kwa njia ya mtandao, hata mwanafunzi wa Tabora aweza kuzitazama bila ya kulipa senti. Kila kitabu kinachosimulia vita vya 1914 hadi 1918 katika Afrika Mashariki kina picha moja au mbili za mtu huyu, ingawa mara nyingi jina lake limeandikwa kwa herufi ndogo sana pembeni.

Picha hizo ni nzuri. Sioni aibu kusema hivyo. Dobbertin alikuwa fundi, alijua mwanga wa nchi hii, na alijua kumsimamisha mtu ili uso wake uonekane. Katika picha zake tunamwona askari amevaa kaki, amejifunga mkanda wa risasi, kofia yake imeteremshiwa kitambaa cha kukinga shingo na jua. Tunaona kombania nzima imesimama mstari mmoja, bunduki begani. Tunaona mstari wa watu wenye mizigo kichwani. Sasa soma maelezo yaliyo chini ya picha. Yataja nchi, yaani Afrika Mashariki ya Kijerumani, kisha yataja aina ya mtu: askari, kombania ya askari, mpagazi. Jina la mtu mwenyewe ni nadra kulipata. Na tarehe? Nyingi zimepewa tarehe ya jumla, 1906 hadi 1918. Hiyo ni miaka kumi na miwili. Katika miaka kumi na miwili mtoto huwa kijana, na nchi hii katika muda huo ilitoka kwenye vita vya Majimaji ikaingia katika vita vikuu vya dunia. Picha yenye tarehe pana namna hiyo haiwezi kutuambia kama mtu aliyeshika bunduki yumo katika gwaride la sikukuu au yuko njiani kwenda kufa.

Hapa yafaa mwalimu asimame kidogo na kuwaeleza wanafunzi jinsi kamera za siku zile zilivyofanya kazi. Mpiga picha stadi alitumia kamera kubwa ya mbao iliyosimamishwa juu ya miguu mitatu. Ndani yake aliingiza kioo kilichopakwa dawa; kila kioo kilichukua picha moja tu, kisha kilibidi kifichwe gizani mpaka kisafishwe kwa maji na dawa nyingine. Vioo ni vizito na huvunjika. Kwa hiyo kamera ya namna hii haikukimbia na askari wakati wa shambulio. Tunapoona picha ya askari wamelala ndani ya handaki wakilenga bunduki, na mpiga picha amesimama mbele au kandoni mwao bila ya wasiwasi, sharti tujiulize kama adui alikuwako kweli. Picha nyingi za vita za zama zile zilipangwa. Simaanishi kwamba ni za uongo. Askari ni askari, bunduki ni bunduki, na uchovu wa uso hauigizwi kwa urahisi. Maana yangu ni kwamba picha ya namna hiyo ni ushahidi wa jinsi jeshi lilivyotaka kuonekana, na kwa ushahidi wa yaliyotokea hatuna budi kutafuta kwingine.

Na vioo vile, miguu mitatu, dawa na hema la giza, vilisafirije mahali pasipo na reli? Jibu ni fupi. Vilibebwa kichwani.

Tabora iliionja vita hiyo ndani ya nyua zake. Gavana Schnee na ofisi zake walipoondoka pwani kwa hofu ya manowari za Waingereza, mji huu wa bara ukawa makao ya serikali ya vita. Wamisionari wa Kiingereza waliokuwa nchini walikusanywa na kuwekwa kizuizini Tabora. Fedha ilipokosekana kwa sababu meli hazikupita, mafundi wa karakana ya reli ya Tabora walifua sarafu mwaka 1916: heller za shaba kwa matumizi ya kila siku, na sarafu ya dhahabu ya rupia 15 iliyotengenezwa kwa dhahabu ya Sekenke, yenye sura ya ndovu ameinua mkonga na nyuma yake mlima. Zilifuliwa zaidi kidogo ya 16,000. Siku hizi wakusanyaji wa sarafu huko ng'ambo huzinunua kwa bei ya kutisha; sijui kama kuna mwanafunzi mmoja katika kumi hapa Tabora aliyewahi kuambiwa kwamba ilitengenezwa umbali wa kutembea kwa miguu kutoka shuleni kwake.

Mwezi Septemba 1916 majeshi ya Kibelgiji kutoka Kongo yaliukaribia mji kwa pande mbili, safu moja ikiifuata reli kutoka Kigoma na nyingine ikishuka kutoka kaskazini. Kulipiganwa vikali Usoke, Lulanguru na Itaga. Jenerali Wahle, aliyeongoza upande wa Wajerumani, alirudi nyuma usiku, na tarehe 19 Septemba Wabelgiji wakaingia Tabora. Jenerali wao, Charles Tombeur, baadaye alipewa na mfalme wake cheo cha ubaroni, na jina la Tabora likaunganishwa na jina lake. Ndivyo ilivyo katika historia ya ukoloni: mzungu mmoja aliondoka na jina la mji wetu mzima, na watu wa mji huo waliobebeshwa mizigo ya jeshi lake hawakuachiwa hata majina yao wenyewe katika karatasi.

Watu hao walikuwa wengi kupita kiasi cha kufikirika. Upande wa Kongo ya Kibelgiji pekee inakadiriwa kwamba wapagazi 260,000 walitumiwa katika vita hivyo. Waingereza kwa miaka yote ya vita waliwatumia watu wapatao milioni moja, na wanahistoria wanakadiria kwamba 95,000 kati yao walikufa. Upande wa Wajerumani hesabu haikuwekwa kwa uangalifu, na hilo pekee ni hukumu. Walio wengi hawakuuawa kwa risasi. Waliuawa na kuhara damu, homa ya malaria, kichomi, njaa na uchovu.

Sababu yake inaweza kuelezwa kwa hesabu ya darasa la kawaida. Ng'ombe, farasi na punda walikufa kwa ndorobo katika sehemu kubwa ya nchi, magari yalikuwa machache na barabara hazikuwapo. Basi chakula cha askari kilibebwa na watu. Chukua mpagazi mwenye mzigo wa kilo 25 za unga, naye anakula kilo moja kwa siku. Baada ya siku 25 amekula mzigo wote, na askari aliyekuwa akingoja mbele hakupata kitu. Akitakiwa pia arudi alikotoka, basi hawezi kwenda mbele hata siku 13, na bado atafika mikono mitupu. Ili unga ufike, ama waongezwe wapagazi wa kuwabebea wapagazi wenzao, ama wapunguziwe chakula. Majeshi yote yalifanya mambo hayo mawili kwa pamoja. Tena unga wenyewe mara nyingi ulikuwa wa mahindi, ukapewa watu waliozoea ndizi au mtama, bila ya wakati wala sufuria ya kuupika ukaiva. Matumbo yakaharibika, na mtu aliyeharibika tumbo akiwa na mzigo kichwani hakuwa na siku nyingi.

Yatupasa tukumbuke kwamba kazi ya upagazi, kabla ya kulazimishwa hivi, ilikuwa kazi ya heshima Unyamwezi. Kijana aliyefika pwani na kurudi alihesabiwa kuwa mtu mzima. Msafara ulikuwa na kirangozi wake, ngoma yake, nyimbo zake, desturi zake za kugawana chakula na za kugoma pale tajiri alipovunja ahadi. Mpagazi wa Kinyamwezi wa mwaka 1860 alipatana ujira wake kabla ya kuinua mzigo. Mjukuu wake wa mwaka 1916 alifungwa kamba shambani akapelekwa. Mtu anayeitazama picha ya mstari wa wapagazi bila ya kuijua tofauti hiyo ataona watu wenye mizigo tu, jana na leo sawasawa, kana kwamba Mwafrika alizaliwa na mzigo kichwani. Hapo ndipo picha nzuri inapoweza kudhuru.

Na madhara hayo yalitumiwa kwa makusudi. Ujerumani, baada ya kunyang'anywa makoloni, ilizaa kundi la watu walioyataka tena, na silaha yao moja ilikuwa hadithi ya askari mtiifu: kwamba Mwafrika alimpenda bwana wake Mjerumani hata akamfuata hadi siku ya mwisho ya vita. Picha za Dobbertin zilitolewa kitabuni huko Ujerumani mwaka 1932, na zikawaangukia wasomaji waliokuwa tayari kuiamini hadithi hiyo. Uso wa askari asiye na jina ukawa shahidi wa madai ambayo mwenye uso hakuulizwa kamwe. Angekuwa na jina, na kijiji, na mke aliyeachwa, ingalikuwa vigumu zaidi kumtumia hivyo.

Waingereza nao wana yao. Sanamu ya askari iliyosimamishwa katikati ya Dar es Salaam mwaka 1927, mahali ilipokuwa sanamu ya Wissmann, yamwonyesha mwanajeshi mmoja mwenye bunduki. Ya Nairobi ina watu watatu, na mmoja wao ni mchukuzi. Dar es Salaam mchukuzi hakupewa sanamu, aliachiwa mtaa. Kariakoo, jina ambalo kila Mtanzania analijua kwa soko na kwa mpira, ni matamshi yetu ya jina la Kiingereza la kikosi cha wachukuzi, ambao kambi yao ilikuwa hapo. Naona watu wetu walifanya jambo la busara bila ya kukusudia: walilichukua jina la jeshi la mkoloni wakaligeuza kuwa kumbukumbu inayotamkwa kila siku, na haina mbao wala shaba ya kuibiwa.

Zaidi ya wapagazi kuna waliobaki nyumbani. Katika Ugogo, pale ambapo njia ya misafara ilikatiza nchi kavu, majeshi ya pande zote yalichukua ng'ombe, nafaka na vijana, kisha mvua zikakosa. Kuanzia mwaka 1917 hadi 1920 ilishuka njaa ambayo Wagogo wanaiita Mtunya. Inakadiriwa kwamba watu 30,000 walikufa katika nchi iliyokuwa na watu 150,000, yaani mmoja katika kila watano. Mtunya umekaa katika jina, katika simulizi na katika hesabu za miaka za wazee. Mpiga picha wa vita anayeufuata msafara wa jenerali hupita kabla njaa haijaja. Naye huitwa mpiga picha wa vita, ingawa hajaona nusu ya vita.

Yuko mwingine wa kwetu aliyeiona nusu hiyo ya pili. Mohamed Amin alizaliwa Nairobi mwaka 1943, mtoto wa mfanyakazi wa reli, akakulia Dar es Salaam, akaanza kupiga picha akiwa bado mwanafunzi kwa kamera ndogo ya bei rahisi. Mwaka 1963 alianzisha hapo Dar es Salaam shirika lake la picha, Camerapix. Alichukua filamu ya Mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 1964. Mwaka 1966 alikamatwa huko huko Zanzibar, akawekwa gerezani karibu mwezi mzima, kisha akahamia Kenya. Mwaka 1969 alikuwa wa kwanza kumpiga picha Tom Mboya alipopigwa risasi Nairobi. Lakini kilichombakiza katika kumbukumbu ya dunia ni Korem, Ethiopia, Oktoba 1984. Alikwenda huko pamoja na mtangazaji Michael Buerk, na filamu waliyoirudisha, ikaonyeshwa na BBC tarehe 23 Oktoba, haikuwa na bunduki ndani yake. Ilikuwa na uwanda wa watu waliokuwa wakifa asubuhi ya baridi. Vita vilikuwa nyuma ya njaa ile, kaskazini mwa Ethiopia, kama vilivyokuwa nyuma ya Mtunya. Tofauti ni kwamba safari hii mwenye kamera alikwenda kwa walioachwa na vita badala ya kwenda kwa wapiganaji, na fedha nyingi za msaada zikachangwa duniani kwa sababu yake. Kazi hiyo ilimgharimu. Mwaka 1991 ghala la silaha lililipuka Addis Ababa. Mwenzake John Mathai, aliyekuwa akishika mitambo ya sauti, aliuawa, naye Amin akapoteza mkono wa kushoto. Aliendelea na kazi kwa mkono wa bandia hadi tarehe 23 Novemba 1996, ndege ya Ethiopia aliyopanda ilipotekwa nyara na kuanguka baharini karibu na Ngazija, akafa pamoja na abiria wengi.

Namtaja Mohamed Amin kwa sababu maonyesho ya kumheshimu mpiga picha wa vita aliyefariki yana mtego mmoja, hata mpiga picha huyo akiwa mwema. Tunaingia ukumbini, tunasoma jina lake mlangoni, tunasimuliwa ushujaa wake na kifo chake, na tukitoka tunamkumbuka yeye. Waliomo ndani ya picha wamekuwa sehemu ya sifa zake. Kwa Amin neno hili ni gumu kulisema, maana kazi yake iliokoa maisha ya watu. Lakini mama wa Korem aliyemshika mtoto wake maiti alikuwa na jina kama John Mathai alivyokuwa na jina, na mtazamaji hana la kuliita. Kwa Dobbertin, ambaye picha zake ndizo pekee tulizo nazo za vijana wengi wa bara wa kizazi kile, upungufu huo ni mkubwa zaidi, na ni sisi tunaoweza kuupunguza.

Wako wasemao kwamba picha za mkoloni zisitundikwe kamwe katika nyumba zetu za utamaduni. Siafikiani nao. Mwalimu Nyerere alipounda wizara ya utamaduni mwaka 1962 alisisitiza kwamba taifa litafute yake lililofundishwa kuyadharau, na nyuso za babu zetu ni zetu hata kama kioo kilikuwa cha mgeni. Wako pia wasemao zitundikwe kama zilivyo, na maelezo yake yale yale, kwa kuwa historia ni historia. Nao siafikiani nao. Maelezo ya chini ya picha ni sehemu ya historia hiyo, tena ndiyo sehemu iliyoandikwa vibaya zaidi.

Kwihara, iliyotajwa pamoja na Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde na Ujiji katika orodha ya awali ya urithi wa dunia iliyopelekwa UNESCO mwaka 2006 kwa ajili ya njia hii, ina nafasi ya kufanya lililo bora. Picha za vita vya 1916 zingeweza kuletwa hapo, zikatundikwa kwa kimo cha macho ya mwanafunzi, na chini ya kila moja yakaandikwa mambo mawili: maelezo ya Kijerumani kama yalivyo, yakiwa yametafsiriwa kwa Kiswahili, na kando yake nafasi wazi. Kabla ya hapo walimu wa shule za Tabora, Urambo, Sikonge na Uyui wangezipeleka nakala vijijini. Mwaka 1916 ni mbali sasa, na waliobeba mizigo ile wamekwisha kufariki wote. Lakini wapo wazee waliosimuliwa na babu aliyekwenda, na katika koo nyingi jina la aliyekwenda asirudi bado hutajwa anapopewa mtoto. Haidhaniwi kwamba mtu atautambua uso katika picha. Yawezekana asitambuliwe hata mmoja, na ni afadhali nafasi ibaki wazi kuliko kuijaza kwa kubahatisha, kwa sababu jina la uongo ni dhuluma ya pili. Kitakachopatikana ni majina ya wengine walioondoka katika mwaka ule ule kwa njia ile ile, na majina hayo yakiandikwa ukutani, mstari wa wapagazi katika picha hautakuwa tena aina ya mtu.

Mfano wa jambo hili tunao, na umetoka Kwihara yenyewe. Livingstone alipofariki kwa Chitambo mwaka 1873, watu wa msafara wake waliukausha mwili na kuubeba. Mwezi Oktoba walifika Unyanyembe, wakamkuta ofisa wa Kiingereza, Cameron, aliyewashauri wamzike papo hapo. Walikataa. Mbele kidogo, walipoona kwamba wenyeji hawataruhusu maiti kupita, waliufunga mwili ukafanana na mtumba wa nguo, wakaendelea hadi Bagamoyo, Februari 1874. Wawili kati yao, Abdullah Susi na James Chuma, walialikwa Uingereza. Walifika baada ya mazishi, ila walipigwa picha mwaka ule wa 1874 katika jumba la Newstead Abbey, pamoja na watoto wa marehemu. Tunawaona wameketi na kusimama kati ya Waingereza, na chini yao yameandikwa majina, kila mtu na jina lake. Picha ile imechapwa mara nyingi, na hakuna anayeiita picha ya wapagazi.

Halima, mpishi wa msafara, na Ntaoeka, mke wa Chuma, waliitembea nchi ile ile. Majina yao yamo katika habari za safari. Hawakupelekwa Uingereza, na katika picha ya Newstead hawamo.